Jumanne ile hatukumwaga zege

Ijumaa ya mwisho ya fildi, yale mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wa uhandisi, naijua hata bila kalenda. Wanafunzi ambao wiki nane wamekuja saiti na fulana zilizopauka wanatokea wamepiga pasi, wamechomekea, na mmoja wao kabeba soda ya baridi kwa ajili ya injinia. Kila mmoja ana kile kitabu cha kumbukumbu alichopewa chuoni: kila siku ina mistari yake, kila wiki ina nafasi ya saini yangu. Saini nane kwa kitabu kimoja. Mwaka huo nilikuwa na wanafunzi wanne, saini 32, na nilikusudia kuzimaliza kabla ya swala.

Nilifika kitabu cha tatu nikakwama.

Kilikuwa kisafi mno. Kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya nane kalamu ileile ya bluu, mwandiko uleule uliolala upande mmoja, hakuna tone la jasho wala alama ya kidole chenye simenti. Kitabu kilichoshinda saiti miezi miwili hakiwi hivyo. Nikaacha kusaini, nikaanza kusoma. Wiki ya tano, Jumanne: tulimwaga zege la slabu ya ghorofa ya pili, upande wa mashariki, kazi ilikwenda vizuri.

Jumanne hiyo naikumbuka kwa sababu tulipata mvua ya Agosti, mvua isiyo na msimu wala adabu. Ilianza alfajiri, ikapiga mpaka saa nane mchana. Mixa ilisimama katikati ya dimbwi kama kiboko. Mchanga wa lori zima ulisombwa ukaenda kwa jirani, naye akaja amebeba mwavuli kudai tumemzibia mfereji. Sidhani kama kuna mtu aliyemwaga zege Kimara nzima siku ile.

"Kijana wangu," nikamwita, "hii Jumanne mlimwagia wapi?"

Akainama kuangalia, kisha akanyanyuka na kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Shikamoo injinia," akasema, ingawa tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Mlimwagia wapi?"

"Injinia, chuoni wanataka kila siku iwe na kitu. Ukiacha wazi unakatwa alama."

Nikafunika kitabu. Soda nikaisogeza pembeni. Sikumkasirikia sana, kwa sababu alikuwa ananiambia ukweli kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma kitabu chake.

Nataka niandike juu ya jambo hili kwa sababu kila jengo likianguka tunasikia maneno yaleyale: maadili ya wahandisi yameporomoka, vyuo vifundishe maadili. Vyuo vinafundisha. Kuna somo zima la maadili ya taaluma, kuna slaidi, kuna kanuni za mwenendo ambazo mwanafunzi anazikariri na kuzimwaga kwenye mtihani. Nimealikwa mara mbili kwenda kutoa mada kwenye somo hilo. Mara zote mbili nimekuta madarasa ya watoto makini, wanaokujibu vizuri kuliko unavyotarajia. Waulize mhandisi ana wajibu kwa nani kwanza, watakwambia usalama wa umma, kwa sauti moja.

Na watoto haohao wakija fildi, kazi ya kwanza ya kitaaluma wanayoifanya maishani mwao, karatasi ya kwanza inayobeba jina lao na tarehe na saini ya mhandisi, wanaijaza uongo. Usiku mmoja. Wengi wao. Na sisi tunasaini.

Sisemi hivi nikiwa juu ya mlima. Na mimi nilijaza changu usiku mmoja, hosteli, mshumaa ukiwa karibu kwisha kwa sababu umeme ulikatika, rafiki yangu akinisomea chake nami nikibadilisha maneno ili tusifanane. Mwaka huo nilikaa wiki nane kwenye ofisi moja ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa fotokopi na kufuata chapati za bosi. Ningeandika nini? Wiki ya tatu: nilitoa fotokopi. Wiki ya nne: nilitoa fotokopi, chapati zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo ofisi zinazochukua wanafunzi kisha zinawaacha kwenye korido nazo zina sehemu yake katika uongo huu. Hilo tuliache, maana ningeanza nisingemaliza.

Lililonifundisha lilikuja baadaye, nilipokuwa nimeshahitimu.

Kwa wasiofahamu: hapa Tanzania ukimaliza digrii bado hujawa mhandisi. Unasajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya mtu mzima wa fani kwa miaka, ndipo unaomba kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu na kupata muhuri wako. Bodi yenyewe ni ya zamani, sheria yake ya kwanza ni ya mwaka 1968, na ya sasa ilitungwa mwaka 1997. Tangu 2003 kuna mpango wa mafunzo ya miaka mitatu, wenyewe tunauita SEAP, ambamo unapewa mlezi na kila robo mwaka unaandika ripoti anayoisaini yeye. Mimi nilipita humo. Mlezi wangu alikuwa mzee mmoja aliyesomea uhandisi Nairobi, enzi zile ambazo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapakuwa na kitivo cha uhandisi, kabla hakijafunguliwa mwaka 1973. Alivaa suruali za kitambaa kizito hata kwenye joto la Februari, na mfukoni hakukosa futi.

Nilikuwa mhandisi wa saiti kwenye jengo la ghorofa tatu la mfanyabiashara mmoja. Tulikuwa tunamwaga nguzo sita za ghorofa ya kwanza. Kila tukimwaga, kazi yangu ilikuwa kuchukua zege kutoka kwenye mixa, kulijaza kwenye maboksi ya chuma ya milimita 150, kulishindilia, kuandika tarehe, na kesho yake kuzamisha vipande hivyo kwenye tanki la maji. Vingine vinakwenda maabara kuvunjwa siku ya saba, vingine siku ya 28, ndipo tunajua zege letu lina nguvu gani. Bila vipande hivyo, unachokijua kuhusu nguzo ni kwamba imesimama.

Siku hiyo saa tano asubuhi nikaondoka kwenda benki kufuatilia mshahara uliokuwa umekwama. Foleni, fomu, rudi dirisha namba mbili, mnajua wenyewe. Niliporudi saa tisa alasiri nguzo zote sita zilikuwa zimeshamwagwa, mixa imeoshwa, vibarua wananawa. Maboksi ya chuma yalikuwa makavu, yamepangwa palepale nilipoyaacha.

Foromani aliniona ninavyoyaangalia. Alikuwa mtu mwema, nasema kweli, mtu aliyewahi kunikopesha nauli. Akaniwekea mkono begani. "Usijipe presha injinia. Kesho tunatengeneza, unaandika ya leo. Tarehe ni wino tu."

Kesho yake tukatengeneza. Yeye mwenyewe akanichanganyia, na mkono wake haukuwa mchoyo wa simenti. Siku ya 28 maabara ikatoa nguvu ya niutoni 31 kwa milimita ya mraba, wakati tulihitaji 25. Zege lile lingetosha kujengea mnara wa simu. Nikaweka cheti kwenye faili, na faili likawa zuri.

Hakuna kilichotokea. Hili ndilo huwa napata taabu kulieleza darasani. Hakuna nguzo iliyopasuka, hakuna aliyeniuliza, mshahara ukatoka. Nilikaa na jambo hilo kama miezi minne. Lilikuwa haliniumi kila siku, lilikuwa linaniuma nikilala mapema. Kisha siku moja mzee alikuwa anasoma ripoti yangu ya robo mwaka, amefika kwenye jedwali la majibu ya maabara, akasema bila hata kunyanyua kichwa, "Hizi nguzo zako mbona zina nguvu kuliko msingi?" Alikuwa anatania tu, nadhani. Nikamwambia yote.

Hakufoka. Aliuliza ni nguzo zipi, akaandika namba zake pembeni ya ripoti, akaniambia nimwandikie mteja barua. Kwa Kiswahili, akasisitiza, kwa sababu mteja alikuwa mtu wa sokoni na Kiingereza cha kihandisi kingempita. Sasa hivi naamini ilikuwa na sababu nyingine pia. Kwa Kiingereza ningejificha vizuri zaidi.

Barua ya kwanza niliandika: sampuli za zege za nguzo za ghorofa ya kwanza hazikuchukuliwa siku ya kumwaga. Ikarudi. Neno hazikuchukuliwa limezungushiwa duara jekundu, pembeni kaandika: Na nani?

Ya pili niliandika: ilitokea kwamba mhandisi wa saiti hakuwepo. Duara. Yupi?

Ya tatu iliniweka hadi usiku. Niliondoka saiti saa tano asubuhi kwenda benki. Sikuacha mtu wa kuchukua sampuli. Kesho yake nilitengeneza sampuli kwa zege jingine nikaandika tarehe ya siku iliyopita. Majibu yaliyomo kwenye faili si ya nguzo zako. Mzee akaisoma mara mbili, akaweka saini yake chini ya yangu, akasema iende.

Baada ya hapo tukakodi mashine, tukatoboa nguzo tatu na kutoa vipande vya duara vya kupeleka maabara. Mbili zilikuwa nzuri. Moja ilipungua, ikaangukia 22. Mzee akanikalisha nipige hesabu upya ya mizigo ya nguzo ile, mezani kwake, kwa mkono, na ilitosha. Tukamwandikia mteja tena. Mteja aliuliza jambo moja tu, nani ataziba yale matundu. Niliziba mimi, na gharama ya mashine ilikatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi mitatu. Mshahara uleule nilioufuata benki.

Tangu siku hiyo sina amani na vitenzi vya kutendwa. Zege lilimwagwa. Vipimo vilichukuliwa. Nondo zilikaguliwa. Kiswahili kina njia nyingi za kumwondoa mtu kwenye sentensi, na kama ya kutendwa haikutoshi kuna ile nyingine tamu zaidi: zilisahaulika, ilichelewa, liliharibika, kana kwamba vitu vyenyewe viliamka asubuhi vikaamua. Chuoni wanafunzi wanafundishwa kwamba ripoti ya kitaalamu haina "mimi". Sawa, nawaachia. Ila wanaokuja kwangu fildi, siku ya kwanza nawapa kauntabuku ya kwire mbili kila mmoja, nawaambia humu ndani kila siku kuna sentensi tatu au nne, kwa Kiswahili, na kila sentensi ina mtu. Nilifanya. Sikufanya. Nilimuuliza fulani. Sikuelewa. Hicho nakikusanya mimi, chuo hakihusiki. Mwanzoni wanacheka. Kisha unaona wanaanza kuogopa kuandika, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwaka huohuo wa mvua ya Agosti nilikuwa na binti mmoja wa mwaka wa tatu ambaye mafundi walimbatiza Mama Koni. Si kwa ice cream. Kwa ile koni ya chuma ya kupimia ulaini wa zege, urefu wa milimita 300, unaijaza, unaichomoa, unapima zege limeshuka kiasi gani. Ilikuwa haibanduki kwapani mwake. Mafundi wanapenda zege la maji, linateleza lenyewe kwenye nondo, halichoshi mkono, na kila mtu anajua ukiligeuzia mgongo kuna ndoo moja ya ziada inaingia kwenye mixa. Mama Koni alikuwa hageuzi mgongo. Walimnunia siku mbili tatu, baadaye wakawa wanamwita wenyewe: njoo utupimie, usije ukatukatalia slabu.

Wiki ya tatu lori la nondo likaingia jioni. Risiti inasema milimita 12. Yeye akashika moja, akaigeuzageuza, akaniambia, "Injinia, hizi naona kama zimekonda."

Tukaleta venia, kile kifaa cha kupimia unene. Msambazaji alikuwa ametuma kijana wake, naye akatoa hoja ya zamani: nondo zina mbavu, ukipima juu ya mbavu unapata hivi, ukipima katikati unapata vile, huwezi kujua. Na kweli kwa venia mtabishana mpaka magharibi. Nikamwachia binti. Akakaa kimya kidogo, akaandika kwenye ganda la mfuko wa simenti: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, hiyo ndiyo kilo ya mita moja. Mara kumi na mbili kumi na mbili, 144. Kwa 162. Kilo 0.889.

Hatukuwa na mzani. Akakata vipande vitatu vya mita moja kutoka mafungu matatu tofauti, akavifunga kwa waya, akavuka barabara mpaka buchani, ambako kuna mzani wa umeme. Nilimfuata kwa nyuma kwa sababu nilitaka kuona. Muuza nyama akaangalia zile nondo juu ya kaunta yake, akamwangalia yeye, akauliza kwa utaratibu kabisa, "Dada, nikupimie na mifupa?"

Cha kwanza kilisoma 0.74. Cha pili 0.75. Cha tatu 0.74. Binti akarudisha hesabu kinyumenyume palepale kwenye simu: karibu milimita 11. Ukiisikia hivyo unaweza kusema milimita moja ni nini. Lakini nguvu ya nondo inakwenda na eneo la mkato wake, na eneo limetoka milimita za mraba 113 likawa 95. Ni sawa na kununua nondo sita ukaweka tano kwenye boriti, ya sita ukamwachia muuzaji.

Lori likarudishwa. Tulipoteza siku nne, mteja akapiga simu mara nyingi kuliko siku zenyewe. Ila ninachotaka kukisema kilitokea kati ya buchani na lori. Jioni ile Mama Koni alikuja ofisini kwangu, yaani kile kibanda cha mabati, akasimama mlangoni.

"Injinia, yule kaka wa nondo kanipa elfu hamsini. Kasema ya soda. Nimeikataa." Akanyamaza. "Sasa sijui kama nimemkosea adabu. Ni mtu mzima."

Nilishindwa kujibu haraka. Kanuni za mwenendo zote anazijua, angeweza kunitajia ni kifungu gani kinachokataza. Kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa mahali pengine kabisa: amelelewa asikatae kitu cha mkubwa kwa mkono, amelelewa apokee kwa mikono miwili na goti kidogo, na hakuna slaidi iliyowahi kumpa sentensi ya kusema wakati noti imeshanyooshwa mbele yake. Kwa hiyo tukatafuta sentensi. Nikampa yangu: kaka nashukuru, mimi mwanafunzi tu, mwone injinia. Akaifikiria, akasema hiyo inamsukumia injinia mtihani. Alikuwa sahihi. Mwisho yeye mwenyewe akapata: "Kaka nakushukuru, ila nikiipokea lazima niiandike kwenye daftari." Nikamwambia hiyo haihitaji hata kumalizia, ataondoka kabla ya neno daftari. Sasa hivi wanafunzi wangu wote nawapa sentensi hiyo siku ya kwanza, pamoja na kofia ngumu.

Kuhusu majanga makubwa, na yenyewe naongea nao. Hawa wanafunzi walikuwa wadogo Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36. Ile ya Kariakoo, Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, wanaikumbuka wenyewe, wengine walikuwa wanafuatilia kwenye simu usiku kucha wakati waokoaji wanasikia sauti za watu chini ya kifusi. Siwaambii nani alikosea, hiyo si kazi yangu. Na nina wasiwasi kidogo na kufundisha maadili kwa majanga peke yake, kwa sababu kijana anatoka darasani akiamini kwamba mhandisi asiye na maadili ni mtu fulani mwenye roho mbaya, hafanani naye. Foromani wangu aliyenikopesha nauli hakuwa na roho mbaya.

Kwa hiyo nikitaka janga moja la kufundishia nachukua la mbali, la Kansas City kule Marekani, kwa sababu lenyewe lina karatasi ndani yake. Na nalifundishia kwa kamba.

Tunafunga kamba kwenye bomba la jukwaa. Mwanafunzi mmoja anaishika juu, mwingine anaishika kamba hiyohiyo chini yake, wote wananing'inia sekunde chache. Kila mmoja mikono yake inabeba mwili wake. Kamba inabeba wawili, sawa, kamba ni nene. Kisha nabadilisha kidogo sana. Yule wa chini nampa kamba yake fupi, naifunga kiunoni kwa yule wa juu. Ning'inieni. Wa juu anapiga kelele ndani ya sekunde mbili na mafundi wanaacha kazi waje kucheka. Nauliza, kuna aliyenenepa? Hakuna. Uzito ni uleule, kamba ni ileile, lakini mikono ya mmoja sasa inabeba watu wawili.

Katika hoteli ya Hyatt Regency, madaraja ya kupitia watu ya ghorofa ya pili na ya nne yalichorwa yaning'inie kwenye fito za chuma zinazotoka darini, fito moja ikipita daraja la juu na kwenda kubeba la chini. Fito ndefu namna hiyo yenye hesi ya kukazia nati ilikuwa taabu kutengeneza, kwa hiyo watengenezaji wakapendekeza zikatwe mbili: moja itoke darini mpaka daraja la juu, nyingine itoke daraja la juu mpaka la chini. Kamba fupi kiunoni. Mchoro ukarudi kwa wahandisi, ukagongwa muhuri, hakuna aliyekaa kupiga hesabu ya kiungo kile. Tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa kwenye dansi chini, madaraja yakashuka. Waliokufa ni 114. Uchunguzi ukaonyesha kwamba hata mchoro wa awali haukufikia kiwango cha sheria za jiji lile. Wahandisi wawili walipoteza leseni zao Missouri, na mmoja wao, Jack Gillum, aliyekuwa mkuu wa kampuni na mwenye muhuri, baadaye alikuwa akienda kuwaeleza wahandisi wenzake kilichotokea.

Wanafunzi huuliza, kwa nini hakuna aliyepiga hesabu? Nawajibu kwamba hesabu yenyewe ingeweza kuandikwa kwenye ganda la mfuko wa simenti. Karatasi ilikuja mezani, kulikuwa na karatasi nyingine nyingi, muhuri ulikuwa karibu. Mnaona hivi vitabu vyenu vinne mtakavyoniletea Ijumaa ya mwisho, saini 32, na mimi nataka kuwahi swala?

Hilo la mwisho nimeanza kuliongeza mwaka huu. Mwaka ule sikuwa nalo, nililipata mezani, soda ikitoa jasho pembeni na kijana amesimama mbele yangu akisubiri nimrudishie kitabu au nimfelishe.

Nilimuuliza: Jumanne ile ulifanya nini kweli?

"Nilikaa stoo na mafundi, injinia. Tulicheza drafti."

"Ulishinda?"

"Nilifungwa mara nne."

Nikamwonyesha namna ya kurekebisha kumbukumbu: wino mweupe hapana, kuchana ukurasa hapana. Unapiga mstari mmoja ili ya zamani iendelee kusomeka, unaandika ya kweli juu yake, unaweka saini yako na tarehe ya leo, ya leo hasa. Alikaa kwenye kile kibanda mpaka saa kumi na moja jioni, kauntabuku yake upande huu, kitabu cha chuo upande huu. Wenzake walikuwa wameshaondoka na mashati yao ya pasi. Alipiga mistari 17. Ile Jumanne ilisomeka: Mvua kubwa, kazi ilisimama, nilikaa stoo nikacheza drafti na mafundi, nikafungwa mara nne. Foromani alinieleza kwa nini zege bichi haliachiwi mvua. Sikuandika siku hiyo, nimeandika leo.

Nikasaini zote nane. Soda ilikuwa imeshapata moto, nikampa yeye.

Wiki mbili baadaye mwalimu wake alinipigia simu kutoka chuoni. Sauti ya heshima, lakini nilisikia kuwa hajafurahi. Alitaka kuhakikisha kama kweli ile saini ni yangu, kwa sababu kitabu kimechafuliwa na mwanafunzi kaandika mambo ya drafti kwenye waraka rasmi wa chuo. Nikamwambia saini ni yangu, na Jumanne ile nakumbuka tulivyoloa. Akasema atalipeleka idarani walijadili. Mpaka naandika hapa sijasikia walichoamua.